Siku Watoto Wote Walipofupika

Walimu wenzangu wa Tanga, leo nimeaibika mchana kweupe, mbele ya wazazi wote wa Oldonyo Sambu.

Mnajua nilivyopanda huku Meru na bidii zangu. (Bidii ndiyo iliyoniponza.) Kabla ya masika niliwasimamisha watoto nje, kwenye mwimo wa mlango wa shule, nikachora alama ya kimo cha kila mmoja. Nami nikajipima, ili wasiogope.

Leo nimewapima tena. Salaale! Wote wamefupika! Hata Nashipai, binti anayewashinda wote kwa mbio, amepungua vidole vitatu.

Nikaita wazazi. Nikapanda juu ya kiti, nikafoka:

"Watoto hawali! Mnaowanyima chakula, majina yenu nayapeleka bomani!"

Kiboko cha boma, ofisi ya serikali, hapa kila mtu anakijua. Mzee mmoja akaanza kutetemeka. (Na mimi, Mungu anisamehe, nikajiona mwalimu hasa.)

Akainuka mama yake Nashipai. Hakupaza sauti. Akautazama mlango, akatazama chini, akauliza:

"Mwalimu, alama yako ni ipi?"

"Ile ya juu kabisa."

"Hebu simama hapo."

Nikashuka, nikasimama kifua mbele. Akaweka kiganja juu ya kichwa changu, akapima kutoka hapo hadi kwenye alama. Vidole vinne!

"Pole, baba. Na wewe nani anakunyima chakula?"

Jamani! Yule mzee aliyekuwa anatetemeka ndiye aliyegaagaa kwa kicheko.

Mama akanionyesha kwa fimbo: mvua imechukua udongo wa mlangoni. Mwimo umebaki palepale, sisi ndio tumeshuka.

"Wewe umekwisha kukua, umepungua vinne. Mwanangu vitatu. Basi yeye ameongezeka kimoja."

Mwanamke huyu hajakaa darasani hata siku moja! Mimi mwenye cheti nilikuwa karibu kuwapeleka baba za watu wakachapwe kwa kosa la mvua. Nikaomba radhi. Karatasi ya majina nikaichana mbele yao.

Jioni Nashipai kaniletea kibuyu cha loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando. "Mama anasema ule, mwalimu, urudie kimo chako."

Nimekula nikamaliza. Ni tamu ajabu.

Barua hii msiisome kwa sauti mbele ya wanafunzi. Nawaomba sana.