Dawa ya Ubongo na Mbuzi wa Norman

Tobias Obuya alikuwa amepanga chupa zake juu ya kreti ya soda, mbele ya mabucha ya Kenyatta Market, aliposikia mzee mmoja akimwambia mchoma nyama, "Jana nimetafuta kofia nyumba nzima, kumbe nimeivaa." Watu wote wakacheka. Tobias hakucheka. Alisema moyoni kwamba Bwana hutoa.

Ni kweli, Bwana hutoa. Ila siku hiyo hakuwa ameulizwa.

Chupa ziliitwa Linda Akili. Ndani mlikuwa na rosmari aliyoichuma usiku kwenye ua wa jirani huko Woodley, manjano, tangawizi na maji ya mfereji. Tobias alikuwa amesoma kwenye simu kwamba wataalamu wanachunguza viambata vya mimea vinavyoweza kulinda ubongo na kutuliza mawazo. Neno "wanachunguza" alikuwa amelipeleka likizo.

"Mzee wangu," alisema akisogea na chupa, "ubongo wako hauna shida. Ni kutu tu. Hivi viambata vinaingia kwa kichwa vinapiga msasa. Ukinywa leo, kesho unakumbuka mwalimu aliyekuchapa darasa la kwanza."

"Huyo sijawahi kumsahau," alijibu mzee.

Mzee huyo aliitwa Gerishon, mwenye nyumba za kupangisha kule Satellite. Alimkazia Tobias macho, kisha uso wake ukachanua kama wa mtu aliyeona jamaa.

"Norman! Mkwe wangu! Umetoka Doha lini?"

Tobias alifungua mdomo ili akatae. Tusimnyime haki yake, aliufungua.

"Na hiyo duka yangu hapa sokoni bado nimeifunga," mzee aliendelea. "Nilisema ni ya mkwe, siku atamaliza mbuzi za mahari ya binti yangu Janice. Mimi neno langu ni moja."

Miaka yote Tobias alikuwa mtu wa kukimbia na kreti kichwani kila askari wa kaunti walipotokea. Duka! Lenye paa, lenye mlango, lenye kufuli! Mdomo ukajifunga. Ulipofunguka tena ulikuwa wa mtu mwingine.

"Nilirudi juzi, baba."

"Mbona sauti imebadilika?"

"Ni joto ya Doha, baba."

"Pole. Basi lete mbuzi Jumamosi, wazee watakuwa kwangu."

Tobias aliuza pikipiki yake, mali pekee iliyokuwa na thamani katika maisha yake, akanunua mbuzi wanne kule Dagoretti. Kabla ya kuondoka alipakia na chupa chache za Linda Akili za kumzawadia mzee, akapiga magoti akaombea safari. Hakutaja safari ilikuwa ya nini, maana aliona Mungu ana mengi ya kufanya.

Kule Satellite alipokewa kwa vigelegele. Wanjugu, mke wa mzee, alimkumbatia mpaka shati likakunjamana.

"Norman, umekonda!"

"Chakula cha Doha, mama."

Hata mama mkwe! Tobias alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Nyumba nzima ilikuwa na kutu.

Wazee walikagua mbuzi meno na masikio. "Huyu naye ametembea kutoka Doha kwa miguu?" aliuliza mmoja. Lakini waliwapokea wote kwa jina la Norman, mmoja akachinjwa, akachomwa, akaliwa. Na kila mtu wa pale anajua: mbuzi wa mahari wakishapokelewa mbele ya wazee na choma ikaonjwa, hakuna wa kuwarudisha.

Mzee Gerishon alipomaliza kujifuta mafuta alisema, "Sasa leteni ile dawa ya mkwe."

Akanywa chupa nzima kwa mkupuo. Akaiweka chini. Akamgeukia Tobias.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, baba. Norman."

"Wacha! Wewe ni yule wa kuuza dawa Kenyatta Market." Mzee akasimama, mikono juu. "Wazee wangu, imefanya kazi! Nimekumbuka kila kitu! Norman si yule pale anakula mbavu?"

Jamaa huyo aliweka mfupa chini, akaja kumpa Tobias mkono wenye mafuta. "Asante sana, ndugu yangu. Hizo mbuzi zilikuwa zimeninyima usingizi."

"Lakini mzee," Tobias alilia, "hiyo dawa haiwezi..."

"Haiwezi nini?" aliuliza Mzee Mbuthia, polisi mstaafu, aliyekuwa amekaa karibu na lango. "Maliza. Kama haiwezi, wewe huuzia watu nini pale sokoni? Na kama inaweza, ulikuwa unajiita Norman kwa nini?"

Tobias alitazama lango. Lilikuwa limefungwa. Alitazama mbuzi watatu waliobaki, nao wakamtazama.

"Inaweza," alisema.

"Amina!" wakaitikia wote.

"Na... na duka?"

"Duka ni ya mkwe wangu. Si nilikuambia?"

Wanjugu alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee Gerishon peke yake hakucheka. Alifungua chupa nyingine, akaiweka mkononi mwa Tobias, akamshika bega.

"Kunywa na wewe, kijana," alisema kwa upole wa kweli. "Mtu akishafika mahali pa kusahau jina lake mwenyewe, ugonjwa umeenda mbali."