Binti Yako Amebadilisha Shokapu Bila Ridhaa Yangu

Kwa Mama Mkwe wangu mheshimiwa,

Shikamoo Mama. Natumaini mgongo haukusumbui na kwamba miwani mipya imekukaa vizuri. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi.

YAH: KUBADILISHWA KWA SHOKAPU ZA MBELE ZA GARI LA FAMILIA

Mama, maneno hayo nimeyaandika kwa herufi kubwa makusudi. Katika miaka kumi na mitatu ya ndoa sijawahi kukuletea mashtaka. Hata binti yako alipoikata suruali yangu ya harusi akaifanya kaptura, nilinyamaza, nikaivaa. Lakini safari hii yamenifika shingoni, na kwa kuwa wewe ndiye uliyemzaa na kumlea, sina mahali pengine pa kukata rufaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikushirikishwa kwa kiwango kinacholingana na hadhi yangu.

Gari letu, kama unavyojua, lina umri wa kupiga kura. Shokapu zake za mbele zilikuwa zimechoka na zinavuja mafuta. Ukifunga breki gari linainama kama linatafuta kitu kilichodondoka, na ukilibonyeza pembeni kisha ukaliachia, linaendelea kuitikia kwa kichwa hadi ulichoke. Fundi wa pale kona aliangalia chini yake mara moja tu akasema, "Mzee, hizi zilishakufa, zinangoja mazishi." Mimi nikamweleza binti yako kwamba kazi hiyo haifanyiki nyumbani. Inataka shimo la gereji, mashine kubwa na wanaume watatu wenye vifua. Akaniangalia, akasema, "Sawa."

Mama, wewe unaijua hiyo "sawa."

Jumamosi saa mbili asubuhi, chai yangu haijapoa, nikamwona uani amevaa shati langu la zamani. Shokapu mpya zilikuwa zimelala juu ya gunia, kila moja imekwisha kufungwa na springi yake, maana fundi alimwonya kwamba springi ikiachiwa ovyo inaweza kuondoka na taya la mtu. Akalegeza nati za magurudumu kabla ya kuinua gari. Akaweka mawe nyuma ya matairi ya nyuma. Akapiga jeki, halafu hakuiamini jeki yenyewe, akasimamisha gari juu ya vyuma viwili alivyoazima kwa fundi. Ndipo akatoa chaki yake ya cherehani, akachora mstari mahali bolti mbili kubwa zinapoishika shokapu.

Nikamwambia, "Mke wangu, hilo ni gari, si sketi."

Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mshono ni mshono. Nikifumua bila alama, nitarudishaje?"

Bolti ya pili ilikuwa imeshikwa na kutu. Akaipulizia mafuta, akangoja, akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana. Haikutikisika. Hapo akaniita, nami nikaenda mbio nikijua utaalamu wangu sasa umehitajika.

"Weka mguu hapa kwenye bomba," akasema. "Egemea. Usifanye kitu kingine chochote."

Nikaegemea. Bolti ikalia kama mlango wa stoo, ikaachia. Jirani yetu, mstaafu wa posta, alikuwa ameweka kidevu juu ya ukuta, akapiga makofi. Mama, katika kazi ya saa tano, mwanamume mwenye vyeti viwili na kalamu mfukoni alitumika kwa ajili ya kilo zake tu. Kisha nikaambiwa nishike shokapu kwa chini isianguke, wakati yeye akifungua nati tatu za juu, ndani ya boneti. Hapo pia sikuulizwa maoni. Alipomaliza upande wa pili akalipeleka gari polepole kwa fundi likapimwe uelekeo wa magurudumu. Fundi akapima, akapima tena, akaomba kuiona hiyo chaki.

2. Kamati yangu imevunjika.

Mimi ni Mwenyekiti wa Kamati ya Mashimo ya mtaa wetu. Wajumbe tuko wawili, mimi na huyo mstaafu wa posta, ambaye ni Katibu. Tumeandikia halmashauri barua sita. Kwa hesabu yetu rasmi, iliyofanywa ndani ya gari letu, kutoka getini kwangu hadi njia panda kuna mashimo arobaini na moja.

Jumapili tulifanya ukaguzi wa kawaida. Mimi nikiendesha, Katibu akiwa na daftari. Tulipofika njia panda nikamuuliza amepata mangapi. Akaomba tuhesabu upya. Nikageuza gari, tukarudia. Akasema, "Manne." Halafu akalifunga daftari, akaliweka juu ya dashibodi taratibu, akasema, "Mwenyekiti, kumbe mashimo tulikuwa tunatembea nayo."

Alijiuzulu palepale, gari likiwa linatembea. Alipotaka kushuka aliniambia nisisimame kwa ajili yake, halafu akakumbuka kwamba lazima nisimame. Sasa halmashauri nitaiambia nini? Barua sita, Mama, na ya mwisho nilitumia neno "maangamizi."

3. Nimenyang'anywa taarifa ya kuwasili.

Zamani nikiwa mtaa wa tatu watu wa nyumbani walikwisha kunisikia kwa kelele za shokapu. Mazungumzo yalibadilishwa, kiti changu kilifutwa, maji ya kuoga yaliwekwa jikoni. Jumatatu nilifika hadi kwenye dirisha la chumba cha kushonea, hakuna aliyejua. Ndani, mteja mmoja aliyekuja kupima gauni alikuwa anauliza kama mume hasaidii kazi za mikono. Binti yako, pini mdomoni, akasema, "Huyo? Moyo anao, tena mkubwa. Mikono ndiyo hakupewa."

Wakacheka mpaka cherehani ikasimama. Nililazimika kurudi kinyumenyume hadi getini na kuingia upya nikiimba.

4. Mimi mwenyewe sasa ninakaguliwa.

Jumanne nikiwa napiga mswaki, binti yako alikuja nyuma yangu, akanibonyeza bega kwa nguvu, akaniachia, akasimama kuangalia.

"Unafanya nini?" nikauliza, povu likinitoka.

"Naangalia unatulia baada ya mara ngapi."

Shokapu nzima, Mama, hupanda mara moja na kutulia. Mimi niliyumba mara tatu. Alisema "Mmh" tu, akaenda kutengeneza bomba la jikoni lililokuwa linadondosha maji tangu mwaka juzi, na siku hiyohiyo akarekebisha mlango wa choo. Nyumba hii inakwisha vitu vibovu. Nikihesabu vilivyobaki, najiona niko wa kwanza kwenye foleni, na sijui vipuri vyangu vinapatikana wapi.

5. Kiini cha matatizo yote ni wewe, Mama.

Nasema kwa heshima zote. Mwaka juzi tulipokurudisha kwako, ulikaa kiti cha mbele, ukashika kile kishikizo cha juu ya mlango kwa mikono miwili njia nzima. Uliposhuka ulisimama kidogo ukiwa umeshika kiuno, ukasema, "Asanteni wanangu. Safari ijayo nitakuja kwa miguu." Tukacheka sote. Lakini kwa miguu hukuja, wala kwa gari. Kila binti yako akipiga simu kusema tunakuja kukuchukua, kuna kuku wanaototoa, kuna paa linavuja, kuna wageni. Mimi nilikuwa nasema, "Mama ana shughuli nyingi." Yeye alikuwa anakata simu na kukaa ameishika. Mimi nilidhani anaangalia saa.

Jumatano nikiwa dirishani nilimwona anatoka na sufuria la maji, limejaa hadi karibu na ukingo. Akaliweka kwenye kiti ulichokaa wewe, akalifunga mkanda kama abiria, akaendesha kuzunguka mtaa mzima. Aliporudi nilitoka kwenda kuangalia, kwa sababu sufuria lilikuwa la nyumba. Nikapitisha kiganja juu ya kile kiti. Kilikuwa kikavu.

Alikuwa bado ameshika usukani. Akasema, "Hata tone," na sauti yake ikakatika katikati. Nikalifungua sufuria mkanda, nikalibeba. Mimi nikaenda kunawa uso, kwa sababu ya vumbi.

Kutokana na hayo, naomba kwa unyenyekevu uniamulie yafuatayo:

(a) Umwamuru binti yako azirudishe zile shokapu za zamani. Nimezihifadhi nyuma ya kabati, zimefungwa taulo.

(b) Hilo likiwa zito, arudishe walau ya upande mmoja. Yeye anadai shokapu hubadilishwa mbili kwa pamoja, kwani hakuna anayeshona mkono mmoja mpya kwenye shati. Lakini mimi ni mtu wa maridhiano.

(c) Wakati shauri likisikilizwa, ukatae kabisa kupanda gari hilo, ili Kamati ipate nafasi ya kutafuta mashimo yake.

Nisalimie shangazi na magoti yake, jirani yako wa upande wa kisimani, na kuku wote, isipokuwa yule jogoo aliyenifukuza mbele ya wageni, yeye anajijua.

Nabaki kuwa mkweo mtiifu, aliyeonewa lakini hana kinyongo,

Mwenyekiti na sasa pia Katibu,
Kamati ya Mashimo

Tanbihi: Mama, barua hii sitaituma posta, nitakukabidhi mkononi. Nimeiandika yote leo asubuhi nikiwa kiti cha nyuma, daftari juu ya goti, binti yako akiendesha. Ameniuliza mara mbili naandika nini, nikamwambia orodha ya vitu vya kununua. Kiti cha mbele amenikataza kukikalia, anasema kina mwenyewe. Ile njia ya mawe baada ya daraja tumeipita nilipokuwa katika lalamiko la tatu, nami nilikuwa bado naingojea. Hebu vaa hiyo miwani mipya uutazame mwandiko wangu: hakuna hata herufi moja iliyoruka mstari. Tumeshaliona paa lako. Funga begi, Mama, na uweke nguo za mwezi mzima.