Uzinduzi wa Mitishamba ya Nguruwe Wachanga

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati, Makamu wa Mwenyekiti na Kaimu wa huyo Makamu, waheshimiwa wakuu wa idara, vitengo na vitengo vidogo, bwana mganga wa mifugo, wazee wetu, kina mama, na nyinyi wafugaji mliosimama juani kwa kuwa viti vimewatosha viongozi tu: itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

Leo naona fahari, na sioni haya kuisema, kuzindua Programu Shirikishi na Jumuishi ya Viongeza-Lishe Asilia, ambayo, baada ya semina kumi na saba na vikao vya mastekiholda visivyo na idadi, imethibitisha kwamba mtoto wa nguruwe aliyeachishwa kunyonya, akichanganyiwa tangawizi, kitunguu saumu na majani ya mlonge kwenye pumba, haharishi, hakohoi, na hunenepa kwa asilimia mia moja na nne, takwimu niliyoisimamia mimi binafsi nikiwa ofisini. (Makofi. Sauti: "Hizo nne zimetoka wapi?")

Zimetoka kwenye data, ndugu yangu. Usinikatize.

(Mama mfugaji ananyoosha mkono: "Mheshimiwa, wangu tisa wanaharisha. Mlituambia tuache dawa, tungoje mitishamba. Wawili wameshakufa. Juzi nikapewa gunia lenu, wananusa tu wanageuka.")

Pole sana, mama. Lakini tusiwalaumu wataalamu. Hao nguruwe hawajajengewa uwezo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Umewazoesha makombo, sayansi wataijulia wapi? Tutaandaa warsha ya uhamasishaji, na nguruwe watawakilishwa. (Vicheko. Mama hacheki.)

Mitishamba hoyee! ("Hoyee!") Kuhara chini! ("Chini!") Nguruwe mwenye afya, maendeleo yenye afya!

Kwa kuhitimisha, namshukuru mpiga picha. Namshukuru mpaka rangi aliyeandika "Mitishamba" kwenye magunia yale. Na kwa namna ya pekee namshukuru seremala wetu, aliyejitolea maranda ya kuyajazia, maana gunia tupu halipendezi pichani, na mitishamba yenyewe iko kwenye mchakato wa kutafutiwa shamba.

(Mama: "Kwa hiyo mlinipa maranda niwalishe wanangu?")

Tulia, mama. Si umekiri mwenyewe kwamba hawakula? Katibu, andika: hakuna nguruwe hata mmoja aliyedhurika na programu hii. Asanteni sana kwa kunisikiliza. (Makofi, meza kuu peke yake.)