Nilivyomsubiri Vumilia atoke chooni

Wenzangu wa darasa la jioni, leo nimejiaibisha, na nimejiaibisha kwa lugha mbili.

Nawaambia mwenyewe kabla jirani yangu Mama Kristofa hajasambaza. (Tayari ameanza. Nimemsikia akicheka peke yake njiani.)

Mnajua Vumilia wangu yuko Erbil, Iraki, kwa Wakurdi, anafanya kazi za ndani. Mwaka wa pili sasa. Mtoto ninaye huyo mmoja, baba yake ameshatangulia, kwa hiyo hapa Liuli, kando ya ziwa, ndani ya nyumba tupo mimi na redio. Redio haikuulizi umeamkaje.

Majuzi akaniambia, "Mama, naomba likizo nije Krismasi. Lakini mwenye neno hapa ni bibi, mama wa bosi wangu. Akikubali yeye, wote wamekubali. Ujifunze kumsalimia, anapenda sana kusalimiwa."

"Nimsalimie kwa lugha gani?"

"Kikurdi, mama. Maneno mawili matatu tu."

Basi nikajifunza. Mimi niliyepata kidato cha nne nikiwa na mtoto mgongoni (nyie ni mashahidi, mlimbeba kwa zamu), salamu zitanishinda? Sikutaka Vumilia anifundishe, nilitaka ashangae. Nikapata kijana mmoja kwenye simu, ana ndevu na subira, anafundisha kwa Kiingereza cha polepole. Nikawa naandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Rojbash, salamu ya mchana. Tu chawa yi, hujambo. Ez bash im, mimi ni mzima. Yaani "ez" ni mimi, "bash" ni mzima, halafu ile "ni" yao wanaipeleka mwisho kabisa, kama mtu aliyechelewa ibada akakaa benchi la nyuma. Mama ni "daye". Asante ni "spas". Na hapana kwao ni "na". Hilo lilinitisha. Nikawaza siku nikisali mbele yao "Baba na Mwana na Roho Mtakatifu", watanionaje?

Shikamoo nikaitafuta sana. Kijana hana. Nikajiuliza, huko wazee wanaishije?

Jioni nikisonga ugali nausalimia ukuta. Tu chawa yi? Najijibu mwenyewe, ez bash im. (Msinionee huruma. Ukuta unaitika salamu kuliko baadhi yenu humu kwenye kundi.)

Leo mchana ujumbe ukaingia: "Mama, bibi ameamka vizuri, piga simu yake sasa hivi." Na namba yake chini.

Nyumbani kwangu mtandao unakuja na kuondoka, simu ya nje inakatika. Nikatelemka ufukweni, kwenye vichanja vya kuanikia usipa, pale unashika. Kina mama walikuwa wanageuza samaki wao. Nikawaomba watulie, naongea na nje. Wakatulia, tena wakasogea karibu. Nikabonyeza, nikaweka simu sikioni.

"Alo?" Sauti ya mtu mzima, tena nene, inasikika mpaka kichanja cha tatu. Sikuelewa kwa nini simu inapiga kelele hivyo.

"Rojbash, daye. Tu chawa yi?"

Bibi akasema taratibu, "Chooni?"

Nikasimama. Mama Kristofa naye akasimama, usipa mkononi.

"Amesema chooni?"

"Amesema chooni."

Nikaelewa palepale. (Hapa ndipo elimu iliponiponza.) Kumbe Vumilia amemfundisha bibi Kiswahili, na bibi ananiarifu kwamba mtoto yuko chooni. Jamani, niliguswa. Mtu mzima yule amejisumbua kujifunza lugha yangu.

"Haya mama, mtu asimharakishe. Nasubiri."

"Chooni? Bashi?"

Bash nalijua! Nikamtafsiria Mama Kristofa: "Anasema huko chooni kunaenda vizuri."

"Mungu ni mwema," akasema Mama Kristofa.

"Malawa bashin?"

Nikageuka nikatazama ng'ambo ya ziwa. "Sasa anauliza kama Malawi hawajambo."

"Mwambie hatujasikia baya."

"Malawi bash, daye. Bash kabisa."

Bibi akarudia, safari hii kwa sauti ya kubembeleza, "Chooni, gyan? Chooni?"

Hapo nikaanza kuogopa. Mtoto gani anakaa chooni muda wote huo? Mpaka bibi wa watu anarudia rudia? Nyumba ya ugenini, akiugua nani atamchemshia uji? Nani hata atajua kwamba akiumwa tumbo huwa hasemi, analala tu akitazama ukutani? Mimi ndiye najua, na mimi niko huku nimezungukwa na usipa.

Nikafumba macho. Nikaomba kwa sauti, simu sikioni.

"Bwana, Vumilia hana mtu huko ila wewe. Liguse tumbo lake. Kama limefunga, lifungue. Kama limefunguka, lifunge. Na unirudishie nyumbani, nimwone anakula."

Kina mama wote vichanjani: "Amina."

Kwenye simu, bibi: "Amin."

Halafu sauti nyingine, inahema. "Mama? Mama, toa simu sikioni."

"Vumi! Umetoka?"

"Nimetoka wapi?"

"Chooni."

"Nani alikuwa chooni? Nilikuwa jikoni natengeneza chai ya wageni. Nimesikia jina langu na tumbo langu, nimekimbia. Mama, hii ni simu ya picha. Watu wote hapa sebuleni wanaangalia sikio lako."

Nikaitoa. Ni kweli. Bibi na kitambaa chake cheupe, vijana wake, wake za vijana, wageni, watoto wamepanda juu ya viti ili waone vizuri. Nami nikawaonyesha kilemba kimekaa upande na Mama Kristofa begani kwangu na usipa wake.

"Mama, choni ndiyo habari yako. Bashi, u mzima? Malawa, hao wa nyumbani. Gyan, mpenzi. Bibi alikuwa anakusalimia."

"Mbona mwalimu wangu anasema tu chawa yi?"

"Hicho ni cha Wakurdi wa Uturuki, mama. Hawa wa hapa wana chao."

Mimi, Mmatengo wa Namswea, niliyeletwa Liuli nikiwa bibi harusi nikawasalimia Wanyasa Kimatengo, wakanitazama kama ninyi mtakavyonitazama tukikutana. Mimi ndiye niliyesahau kwamba watu wana cha kwao.

Bibi akamuuliza Vumilia nilikuwa naomba nini. Vumilia akatafsiri yote. Kwenye kufunga na kufungua sebule nzima ikaanguka. Kwenye kurudi nyumbani, bibi aliinua mkono wakanyamaza. Akasema maneno marefu, ananitazama mimi.

"Anasema Krismasi hapana, mama. Baridi ya huku inamshika miguu, anayemkanda ni mimi. Anasema Pasaka nitakuja. Amesema mbele ya wote hawa, kwa hiyo haligeuki."

Nilikuwa nimeshanunua kitenge cha Krismasi, sare, yeye na mimi. Maneno ya ukutani yote yalinikimbia, likabaki moja.

"Shikamoo, mama."

Bibi akaweka mkono kifuani. "Marhaba," akasema.

Vumilia anasema hilo neno na wao wanalo, ni salamu tu, nisijidanganye. Mimi nimeipokea kama marahaba.

Nimerudi nyumbani nimefuta ukuta, nimeandika upya kwa herufi kubwa: CHONI. Pasaka ni mbali, nina muda wa kufanya mazoezi. Ninyi mkija kunitembelea (mje basi, hata mmoja), mkaliona neno hilo jikoni kwangu, tafadhali msianze kujiandaa. Choo kiko nje, nyuma ya migomba.