Magonjwa ya Wageni

Katika Kisii na Nyamira, na hata ukivuka ukaenda mbali, hutapata daktari aliyependa magonjwa kama Angwenyi. Wenzake waliyatibu tu. Yeye aliyapenda, na tena hakupenda moja.

Alikuwa mhadhiri kijana katika chuo cha udaktari mjini, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hata mifukoni. Profesa wa malaria akija kutoka Nairobi, Angwenyi alikuwa amezaliwa kwa ajili ya malaria. Profesa wa kisukari akishuka kwenye gari, malaria iliachwa kama mchumba wa zamani, haisalimiwi hata mkikutana sokoni.

"Daktari, wewe hasa unatafiti nini?" Lorna alimwuliza siku moja. Lorna alikuwa mwenzake ofisini, na tangu aajiriwe alikuwa kwenye kitu kimoja tu: maumivu ya mgongo ya akina mama wanaochuna majani chai.

"Si mgongo," Angwenyi akamjibu. "Mgongo si ugonjwa, dadangu, mgongo ni uzee. Tafuta kitu chenye makongamano."

Sasa ikatokea nafasi ya mtafiti kijana. Moja tu, ya kusomeshwa zaidi na kupewa mradi wake mwenyewe. Angwenyi alikuwa ameshamwambia mama yake, mama ameshaliambia kanisa, na kanisa limeshaomba. Akiikosa, siku ya Sabato angeketi wapi kanisani?

Mwenyekiti wa kamati ya kuchagua alikuwa Profesa Zilpa, mama wa kutoka upande wa ziwa, asiyecheka ovyo. Akamwita ofisini.

"Kijana, moyo wako uko kwenye utafiti gani?"

"Kwani wako uko wapi, Mama Profesa?"

"Nimeuliza mimi."

Angwenyi akatupa jicho ukutani, akaona picha kubwa ya moyo na mishipa yake. "Presha, Mama. Nimeipenda presha tangu shule ya msingi."

"Vizuri. Jumapili nipeleke kwa watu wako, niwasikie wenyewe."

Hapo Angwenyi hakutetemeka hata kidogo. Kwao Birongo walishazoea. Kule mgeni haondoki nyumbani bila kupewa kitu, na Kemuma, mama yake, alikuwa ameieneza adabu hiyo kwa majirani wote. Waliokuja kutafuta malaria walipewa malaria, na mkungu wa ndizi wa kubeba. Waliokuja kwa kisukari walipewa kisukari, na kuku. Fundi mkuu alikuwa jirani yao, Mzee Nyabuto, ambaye angeweza kuugua chochote mradi aarifiwe mapema.

"Mama," Angwenyi akapiga simu, "Jumapili ni presha."

"Waje tu, baba. Nyabuto ameshaanza kushika kichwa."

Jumapili gari likafika. Akashuka Profesa Zilpa. Nyuma yake akashuka profesa wa malaria, yule yule. Nyuma ya huyo akashuka wa kisukari, yule yule. Hiyo ndiyo ilikuwa kamati. Angwenyi akahisi soksi zinalowa.

Mzee Nyabuto, aliyewekwa sebuleni kwenye kiti cha mbele, akawatambua wale wawili mara moja. Sasa angefanyaje? Amnyime mgeni alichokuja kupewa mara ya kwanza? Profesa wa malaria alipomsalimu, mzee akavuta blanketi, akatetemeka mpaka kiti kikasogea. Profesa Zilpa alipomgeukia, blanketi likatupwa, mzee akashika kichwa kwa mikono miwili. Akaletewa soda. Akapiga funda moja tamu, macho yake yakakutana na ya profesa wa kisukari, akairudisha mezani kama mtu aliyeokota nyoka.

"Mzee," Profesa Zilpa akasema polepole, "wewe unaumwa nini hasa?"

Nyabuto akamtazama Angwenyi. Angwenyi akatazama mabati.

"Mimi ni mzima, Profesa," mzee akasema. "Mgonjwa ni huyu mtoto wetu. Kila akipata mgeni anapata ugonjwa mpya. Na sisi ni majirani, tunamsaidia kuubeba."

Profesa wa malaria akakohoa. Mwenzake akaanza kutafuta miwani aliyokuwa ameivaa.

Wakati huo Kemuma alikuwa akileta maji ya kunawa, maana ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga vilikuwa tayari. Alikuja amejikunja, mkono mmoja ukutani, beseni likicheza kwenye ule mwingine. Kuliweka chini kukamchukua muda kama mahubiri.

"Mama," Profesa Zilpa akamwuliza, "na huo mgongo?"

"Huu?" Kemuma akacheka. "Huu ni wa majani chai. Huu ni wangu tu, si wa wageni."

Na pale pale, kamati nzima ikimtazama, Angwenyi akafungua mdomo ambao mtu mwingine angeufunga.

"Kwa kweli, Mama Profesa, mgongo ndio hasa... mgongo nimeupenda tangu utotoni."

"Hapo hadanganyi," Kemuma akasema, akimpa mgeni taulo. "Alikataa kushuka mpaka siku ya kwenda shule."

Profesa Zilpa, yule asiyecheka ovyo, alicheka mpaka akakaa chini kabla ya kukaribishwa kiti.

Nafasi akapewa Lorna. Angwenyi akapewa kumsaidia Lorna. Kanisa likaendelea kumwombea, ila sasa bila kutaja ni kwa jambo gani.

Juma lililofuata Lorna akafika Birongo kuwapima akina mama. Mvua ilikuwa imenyesha na gari likakataa kilima, kwa hiyo kitanda cha kupimia wagonjwa kilipandishwa na daktari mwenye koti jeupe, akiteleza katikati ya migomba. Alipofika uani akakitua, akashika kiuno, akajaribu kunyooka. Hakunyooka.

Mzee Nyabuto alikuwa kwenye kiti chake, anamalizia soda kwa amani, afya tele. Akamtazama juu mpaka chini.

"Angwenyi," akasema, "huo ni wa wageni, ama huo ni wako?"