Goti Langu Liliishia Kwenye Kitenge

Nyie, leo nimepatikana. Nimepatikana vibaya, na naandika hapa nimelalia ubavu mmoja, kwa hiyo herufi zikiruka mnivumilie.

Wengi humu mnajua nafanya mazoezi ya kujihami. Mnajua kwa sababu nimewasumbua. Kila Jumamosi picha. Nimekunja ngumi. Nimemlaza Selina, mwenzangu wa mazoezi, kwenye mkeka. Chini nimeandika, "Aje sasa." (Zote nimezifuta leo jioni. Aliyezihifadhi nitamjua tu.)

Mazoezi yenyewe hayakuanza kwa mzaha. Tangu masika yaanze kuna mwanaume anavizia wanawake kwenye njia ya mashamba huko Kasokola. Wawili amewakamata. Mmoja wao mpaka leo hatoki nje ya uwanja wa kwao. Ndipo Dada Roza, ambaye aliwahi kuwa mgambo, akaomba ukumbi kanisani akatuita. Siku ya kwanza alituambia, "Hapa siwafundishi kupigana. Nawafundisha kupata nafasi ya kupiga kelele na kukimbia." Tukaitikia wote. Lakini mimi kichwani lilibaki neno moja tu, kupigana.

Basi jana nikamfuata Mama Kulwa, jirani yangu hapa Majengo. Ni mama wa Kisukuma, mtu mzima, ana wajukuu tisa. Shamba lake la karanga limepakana na langu, na alikuwa ameacha kwenda kwa hofu. Karanga zinaoza ardhini.

"Mama, kesho twende wote. Ukiwa na mimi usiogope."

"Una nini wewe?"

"Nimefundishwa, Mama. Mwili wangu ndiyo silaha."

Akaniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. "Haya, mwanangu."

Leo saa mbili asubuhi bodaboda akatushusha pale barabara inapoishia, mbele ni tope tupu. Tukaingia njia ya miguu. Mimi mbele, Mama Kulwa nyuma na beseni lake kichwani. Mahindi yametupita urefu pande zote mbili. Nikawa natembea nimetanua mabega. (Nani alinituma?)

Akatokea kulia. Hakuruka wala nini, alitoka tu kama mtu aliyekuwa anatungoja. Koti la mvua la kijani, kofia imefunika macho. Hakuuliza simu, hakuuliza hela. Aliniambia, "Wewe njoo huku," sauti ya kawaida kabisa, kama anamwita mtu aje kunywa chai.

Nikasimama kama nilivyofundishwa. Miguu nimeitanua, mikono juu. Hapo unatakiwa upige kelele kwa nguvu zako zote, "Rudi nyuma!" Ukumbini mimi ndiye nilikuwa na sauti kuliko wote. Leo mdomo wangu ukafunguka ukatoa hivi:

"Samahani kaka, rudi nyuma."

Samahani! Kaka!

Akanishika mkono. Sawa, hiyo tumeifanya mara mia: unazungusha mkono kuelekea kwenye kidole gumba chake, unachomoka. Nikazungusha. Nikazungusha tena. Jamaa kanishika kwa mikono miwili, yule si Selina. Selina huwa anaachia kwa sababu anajua ni zamu yangu.

Nikakumbuka goti. Goti la chini ya tumbo, pigo langu la sifa. Nikalinyanyua kwa hasira zote. Nyie, mazoezini tunavaa suruali. Leo nilikuwa nimejifunga kitenge, nimekibana barabara kwa ajili ya tope. Goti likaenda mpaka kitenge kilipoishia, likagoma hapo hapo. Mguu mmoja hewani, mwingine umezama topeni. Nikaanguka mwenyewe, mzima mzima kama gunia. Wala hakunipiga.

Kunipiga alianza baadaye. Kofi moja, masikio yakalia. Halafu akaanza kunivuta kwa mkono kuingia kwenye mahindi. Hapa sina utani. Niliona mabua yanapita pembeni ya uso wangu, na yote niliyofundishwa yakanitoka kichwani. Sikulia wala sikupiga kelele. Nilikuwa kimya kabisa, mtu aliyezoea kuniona nikiongea asingenitambua.

Mwenye sauti alikuwa Mama Kulwa. Aliangusha beseni, akapiga mwano, ule ukelele wa Wasukuma wa kuitana kwenye hatari. Sijawahi kusikia kitu cha namna ile kikitoka kwenye kifua cha binadamu. Upande wa malisho wachungaji wa ng'ombe wakajibu. Akapiga tena, na upande wa majaruba ya mpunga nako wakaitika. Nikasikia watu wanakuja mbio, mahindi yanavunjika.

Yule mtu akaniachia. Akanipiga teke moja la mbavu, akapotelea shambani.

Nikajiinua kwa viwiko. Na nilikuwa nimejikojolea. Ndiyo, nimeandika. Kabla wale wachungaji hawajafika, Mama Kulwa alifungua kanga yake ya juu akanifunga kiunoni, akanifuta tope usoni.

Wakanipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Mzee anaandika polepole, ofisi imejaa watu waliokuja kuchukua barua zao. Nikaeleza kila kitu. Alipomaliza akavaa miwani, akasoma kwa sauti ili nithibitishe:

"Mlalamikaji alichukua msimamo wa kivita, akakunja ngumi, akamwomba mshambuliaji samahani."

Mtu mmoja kwenye benchi akashindwa kujizuia, akacheka. Wa pili. Ofisi nzima. Mwenyekiti naye anakohoa kohoa makusudi.

"Ni sahihi?" akaniuliza.

"Ni sahihi, Mzee."

Mama Kulwa akasimama. "Nyie mnacheka nini? Mbona yeye ndiye aliyekuwa mbele?"

Wakanyamaza. Mimi ndipo nikaanza kulia, na kunyamaza ikawa kazi.

Baada ya hapo polisi, fomu, hospitali. Ubavu mmoja una ufa. Mwanaume hajakamatwa. Koti la kijani wanalo wengi, na sura sikuiona vizuri, kwa hiyo nyie mnaopita njia ile msipite wawili. Piteni kundi.

Jioni Dada Roza alikuja nyumbani. Nilijua atanisema. Akakaa kitandani miguuni pangu.

"Zile picha nilikuwa naziona," akasema. "Nikawa nacheka. Nilitakiwa nikukanye."

"Ungenikanya ningekusikia, dada?"

"Usingenisikia."

Jumamosi ijayo anasema mkeka tunaukunja. Ni kupiga kelele tu, asubuhi nzima, na wote tuje na vitenge tujifunze kukimbia navyo. Mwalimu wa kelele ameshampata. Mama Kulwa amekubali, ila ametoa sharti: mimi nikae mstari wa mbele, kwa sababu ndimi mwenye sauti mbovu kuliko wote.

Najua mtacheka. Chekeni, lakini msinipigie simu kunichekesha na mimi. Nikicheka ubavu unachoma.