Koti la Mvua la Asali Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Basi ndiyo hivyo, usingizi ukaniruka, nikabaki namtazama mume wangu tu. Mzuri hata akikoroma! Lakini muuguzi kampima Asali wangu: sukari ya damu imepanda kidogo. Arudi Jumamosi, kabla hajala. Mama mkwe kaja mbio. Akasema mwanawe alitoka kwake mzima kama kigongo, ni keki zangu za kila jioni. Isiposhuka, atakuwa anakula kwake, mchana na usiku. Kula mbali nami! Hata maua ya harusi hayajanyauka!

Keki siachi. Mapenzi hayapunguzwi. Nitatumia sayansi. Shuleni mzunguko wa maji niliuchora vizuri kuliko wote.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata! Chai ikizidi sukari, unaongeza maji. Nimemnywesha glasi baada ya glasi. Kanywa bila swali, kipenzi! Kashinda njia ya msalani.

Nimepita kwa muuguzi kujisifu. Kacheka mpaka kashika meza. Eti mtu si birika, maji yakizidi figo huyatoa. Msimamizi wa sukari ni kongosho: ukila, linatoa insulini, nayo inaifungulia sukari milango itoke kwenye damu, iingie kwenye misuli na ini. Ukikaa na njaa, ini linarudisha kidogo kidogo. Kasema apunguze vitamu, atembee. Nikamshukuru sana. Hiyo habari ya milango tamu kweli!

Alhamisi, 7 Machi
Kumbe dawa ni jua! Linaipasha bahari, maji yanageuka mvuke, yanapanda, yanapoa, yanakuwa wingu. Basi sukari nayo ipande na jasho! Tangu jana jioni nampandisha kilima, kavaa sweta na koti langu la mvua. Hata kuoka sina nafasi. Kaniuliza kwa upole mbona bahari ikikauka chumvi inabaki. Nikambusu. Kisha kasema, "Mke wangu, hata ukinipika nitaiva." Nilitokwa na machozi.

Mama mkwe katuona tukishuka. Akauliza kama nimeolewa na mwanawe au nimemwanika.

Jumamosi, 9 Machi
Imeshuka! Imeshuka! Muuguzi kauliza tumefanya nini. Asali wangu kasema tangu Jumatano hajaonja keki, na jioni zote hizi yuko kilimani. Muuguzi kasema ndiyo hiyo, endeleeni hivyo hivyo. Watu hawa! Koti la mvua hakuna hata aliyelitaja!

Mama mkwe kanitazama weee, mwisho kasema haya mkamwana, mume ni wako, mlishe. Ushindi! Oveni inawaka sasa hivi, keki ya kusherehekea, yenye krimu juu na katikati.

Halafu masikini, kaninong'oneza kwamba naye sukari inamsumbua. Nimemshika mkono, nikamwahidi tutamtembelea kabla mwezi haujaisha. Nitambebea keki nzima. Na koti la mvua la saizi yake.